Kura za Waliobaki Nyumbani



Safu ya wiki hii ni jawabu la maswali mawili yaliyonifikia. La kwanza ni la mama mmoja wa Kisauni: je, haingekuwa bora Kenya itunge sheria ya kumlazimisha kila mwenye kipande apige kura, na asiyepiga atozwe faini? La pili ni la mzee ambaye chama chake, kwa maneno yake mwenyewe, hushindwa kila msimu, na kila msimu huambiwa kimeibiwa. Ataka kujua kwa nini. Nimeyaona maswali haya ni ndugu wa tumbo moja, kwa hivyo nitayajibu pamoja. Atakayechoshwa na hesabu na anisamehe, kwani hesabu zipo.

Tuanze na zilizo karibu nasi. Katika uchaguzi mkuu wa tarehe 9 Agosti 2022, daftari la taifa lilikuwa na wapiga kura zaidi ya milioni 22. Waliojitokeza ni takriban asilimia 65. Mwaka 2013 walikuwa wamejitokeza karibu asilimia 86. Huo peke yake ni mporomoko mkubwa, lakini ukishuka kutoka jumla ya taifa hadi kwetu utakuta makubwa zaidi. Kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 641,913 daftarini. Waliofika vituoni ni karibu asilimia 44, kiwango cha chini kuliko kaunti zote 47 za nchi hii. Wakati huohuo Bomet na Kericho, kule Bonde la Ufa, zilizidi asilimia 75. Na wala tusiseme kwamba ndiyo tabia yetu tangu jadi, kwani mwaka 2013 Mombasa hiihii ilitoa karibu theluthi mbili ya wapiga kura wake.

Sasa tazama tofauti baina ya wagombea wawili wa urais mwaka huo: kura 233,211. Watu wa Mombasa walioandikishwa wakabaki nyumbani ni zaidi ya 350,000. Hesabu hiyo imezungumzwa sana mabarazani, na wengi huichukua kuwa Mombasa peke yake ingeligeuza matokeo. Sivyo. Katika kila kura mia zilizopigwa hapa, aliyeshindwa alipata kama 58 na mshindi kama 41. Waliobaki nyumbani wangaligawika hivyohivyo, kila watu mia wa ziada wangepunguza pengo kwa kura 17 tu. Hata wangalikuja wote, pengo lingepungua kwa kama 60,000, na mshindi angebaki mshindi.

Lakini hesabu haiishii hapo, na hapa ndipo wengi huiachia njiani. Ibara ya 138 ya Katiba haikutosheka na mwenye kura nyingi. Yataka apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, pamoja na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Dkt. William Ruto alitangazwa kwa asilimia 50.49. Kilichomvusha mstari wa nusu ni kura kama 70,000 tu. Lau Mombasa, Kilifi na Kwale zingalijitokeza kwa kiwango cha Bomet, na kura zikagawika kama zilivyogawika, basi kwa hesabu yangu ya penseli nchi ingelisimama ukingoni mwa duru ya pili. Sisemi haya kwa kumlilia aliyeshindwa. Wala safu hii haina chama. Nasema ili ieleweke kwamba uzito wa Pwani ulikuwepo, ila haukuwekwa kwenye mizani.

Na kwa yule atakayesema kwamba hayo ni mambo ya Nairobi, namletea mfano wa nyumbani. Uchaguzi wa ugavana wa Mombasa uliahirishwa mwaka huo, pamoja na ule wa Kakamega, kwa sababu ya kasoro katika karatasi za kura. Ukafanyika tarehe 29 Agosti. Mshindi, Abdulswamad Shariff Nassir, alipata kura kama 119,000. Ziweke mbele ya daftari la watu 641,913: ni chini ya mtu mmoja katika kila watano. Ushindi wake ni halali na hapana wa kuupinga kwa hoja hii, kwani sheria huhesabu waliokuja. Lakini wanne katika watano, ama walimpa mwingine, ama, na hao ndio wengi, hawakumpa yeyote.

Yafaa niseme pia, kwa insafu, kwamba si kila jina lisilotiwa alama ni la mvivu. Ukaguzi wa daftari uliofanywa kabla ya uchaguzi huo ulikuta majina zaidi ya 200,000 ya marehemu nchi nzima. Wapo walioandikishwa Likoni wakahamia Nairobi kwa kazi, na sheria yetu humtaka mtu apigie kura pale alipoandikishwa. Wapo mabinti zetu walioko Saudia. Mwaka 2022 Wakenya walio ng'ambo waliweza kupiga kura ya urais katika nchi 12, zikiwamo Qatar na Imarati, lakini Saudia haikuwa miongoni mwao, nasi twajua ni nyumba ngapi za Pwani zinazokula kwa jasho la Riyadh na Jeddah. Hao wote wakiondolewa, pengo bado ni kubwa. Waliobaki walikuwa hapahapa mjini, na siku yenyewe ilikuwa ya mapumziko.

Kwa nini wasitoke? Nimewasikiliza wengi, nami naona wameifanya kura kuwa fardhi kifaya. Fardhi kifaya ni kama sala ya jeneza: wakiisimamisha baadhi, dhima huwaondokea waliobaki. Mtu ajilaza akisema, jirani atakwenda, inatosha. Tatizo ni kwamba katika fardhi kifaya tendo ni lilelile, alitende nani asilitende nani. Maiti atasaliwa sala ileile na atazikwa kaburi lilelile. Kura haiko hivyo. Jirani akienda atashuhudia aliyoyaona yeye, kwa shida zake na maslahi yake. Hawezi kukushuhudilia mfereji wako uliokauka wala mwanao aliyenyimwa kipande.

Marehemu Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan aliiweka kura katika milango mitatu ya fiqhi: ni ushahidi, kwani unatamka kwamba fulani anafaa, ni uombezi, kwani unamtakia cheo, na ni uwakala, kwani unamkabidhi asimame mahali pako. Mlango wa kwanza ndio mzito. Mwenye kusoma Suratul Baqara ajua yaliyosemwa humo kuhusu mashahidi: wasikatae waitwapo, na asifiche mtu ushahidi. Wapo wanazuoni wasioikubali kura hata kidogo katika nchi isiyotawaliwa kwa sharia, nami nawaheshimu bila ya kuwafuata. Ila niliowaona wakitumia hoja hiyo mjini kwetu aghalabu huikumbuka asubuhi ya uchaguzi na kuisahau jioni, wanapokuwa wa kwanza kulalamika.

Turejee kwa mama wa Kisauni. Kulazimisha kupiga kura si jambo la kubuni. Ubelgiji imekuwa na sheria hiyo tangu 1893. Argentina iliipitisha 1912. Misri inayo, Brazil inayo, Singapore inayo. Lakini mfano unaotajwa kuliko yote ni Australia, na unafaa tuukalie kidogo.

Mwaka 1922 Waaustralia waliojitokeza katika uchaguzi wa bunge lao walikuwa chini ya asilimia 60. Wanasiasa wakashtuka. Mwaka 1924 sheria ikapitishwa, na katika uchaguzi uliofuata, wa 1925, wakajitokeza zaidi ya asilimia 91. Kwa karibu karne nzima tangu hapo kiwango hicho hakikushuka chini ya 90, hadi 2022 kilipoteleza kidogo. Na faini yenyewe? Dola 20 za kwao. Si faini ya kumfilisi mtu. Na asiyefika hutumiwa kwanza barua ya kuulizwa sababu. Hata mwenye kuamini kwamba dini yake yamkataza kupiga kura, sheria hiyo yamkubalia udhuru wake. Kilichowatoa watu majumbani, kwa maoni yangu, si zile dola 20, bali ni kuizoea kura kuwa wajibu kama wajibu mwingine.

Kuna jambo la pili ambalo wanaoutaja mfano huu huliruka. Sheria ilipomfunga mpiga kura, iliifunga na serikali. Huwezi kumtoza mtu faini kwa kutofika kama hukumwekea pa kufika. Kwa hivyo Australia hupiga kura Jumamosi, siku ambayo wengi hawaendi kazini. Aliye safarini aweza kupiga kura katika kituo cha mbali na kwao. Mgonjwa hufuatwa hospitalini, na vituo vya kuhamahama hupelekwa hadi kwenye vijiji vya jangwani. Asiyeweza siku yenyewe hupiga kabla yake, au kwa posta. Na ndani ya kile kibanda hakuna anayekutazama: ukitaka, waiacha karatasi tupu na kuitia sandukuni. Unacholazimishwa ni kuhudhuria tu.

Wanafunzi wa fiqhi watalikumbuka hapa somo la ikrahi. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, mkataba wa aliyelazimishwa kwa dhulma haushiki. Lakini wanazuoni walitoa sura moja: kulazimishwa kwa haki. Kadhi akimlazimisha mwenye deni, aliye na mali na hataki kulipa, auze mali yake, mauzo hayo hushika, kwani nguvu iliyotumika ilikuwa na haki nyuma yake. Basi swali la mama wa Kisauni, likitiwa kwenye mizani hii, ni hili: serikali yetu inayo haki hiyo nyuma yake? Imemlipa raia deni lake kwanza, ndipo imdai lake?

Mimi nasema bado. Tazama Wapemba. Wameishi Kilifi na Kwale vizazi na vizazi, wakivua, wakioa na kuolewa, wakizika wazee wao katika mchanga huu, bila ya kipande. Hawakutambuliwa kuwa raia hadi 2023. Wamakonde wa Kwale, waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, walisubiri hadi mwisho wa 2016, na ilibidi watembee kwa miguu kwenda Nairobi ndipo wasikizwe. Na sisi tuliozaliwa Mji wa Kale, majina yetu yakianza na bin au Abdul, tulizoea kwa miaka mingi kwamba kijana akifika miaka 18 atapelekwa mbele ya kamati, aulizwe babu yake alizaliwa wapi na nani atamshuhudia, ilhali mwenzake wa bara akitoka shule amekwisha kuchukua kipande chake. Kijana huyo akikosa uchaguzi mmoja kwa kusubiri, utamtoza faini gani?

Australia yenyewe haikuwa safi katika hili. Sheria yao ya lazima ni ya 1924, lakini wenyeji wa asili wa nchi ile hawakupewa haki ya kura za taifa, wote kwa jumla, hadi 1962. Miaka 38 Mzungu alitozwa faini kwa kutopiga kura, na mwenyeji wa ardhi hakuruhusiwa kupiga. Mwenye kutaka kuleta sheria hiyo kwetu na aanze kwa kuusoma ukurasa huo.

Kwa hivyo jawabu langu kwa mama yangu ni kwamba wazo si baya, wala si haramu kwa asili yake, lakini mahali pake ni baada ya kipande, baada ya daftari safi, baada ya binti wa Jeddah kuwekewa kituo. Kabla ya hapo itakuwa ni faini juu ya maskini, na sote twajua ni nani watakaokamatwa kwanza na ni nani watakaopiga simu wakaachiliwa.

Faida moja ya sheria hiyo nitaikubali bila ya kusita. Kwetu, fedha nyingi za siasa hutumika kuwatoa watu nyumbani, na nyingine, ambazo hazisemwi, kuwazuia wasitoke. Sisi wa mitaani twajua vipande hununuliwa usiku wa kuamkia uchaguzi, mwenye shida akapewa fedha kidogo na kipande chake kikalala kwa mtu hadi kesho jioni. Mahali ambapo kila mtu lazima aonekane kituoni, biashara hiyo hufa. Lakini biashara hiyo yaweza pia kufa leo bila ya sheria mpya, tukiwaambia wake zetu na wanetu kwamba kukiuza kipande ni kumuuzia mtu ulimi wako.

Sasa mzee na chama chake.

Chama kikishindwa, jambo la kwanza husema kimeibiwa. Wakati mwingine ni kweli: Mahakama ya Juu iliubatilisha uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, na dunia nzima ikashuhudia. Wakati mwingine mahakama hiyohiyo husikiza ikakataa, kama tarehe 5 Septemba 2022, majaji wote kwa kauli moja. Mimi si jaji. Ila naona kwamba vyama vingi hupoteza kura zao kabla ya mtu yeyote kupata nafasi ya kuziiba, na huzipoteza majumbani mwa wapenzi wao.

Uingereza yatoa mfano wa ajabu. Mwaka 2019 chama cha Labour kilipata kura kama milioni 10.3, kikashindwa vibaya. Mwaka 2024 kilipata kama milioni 9.7, yaani pungufu, kikashinda viti zaidi ya 400 katika bunge la viti 650. Yawezekanaje? Kwa sababu wapinzani wao, chama cha Conservative, waliporomoka kutoka karibu milioni 14 hadi chini ya milioni 7. Wengine walihamia chama cha Reform, wengine walibaki nyumbani, na jumla ya waliojitokeza ikashuka hadi kama asilimia 60. Washindi hawakupendwa zaidi kuliko walipokuwa wameshindwa. Walioanguka ndio waliochokwa na watu wao wenyewe.

Na katika ushindi huohuo, Labour walionja upande wa pili wa bakora. Mtaa wa Leicester South, wenye Waislamu wengi, ulikuwa ngome yao. Walidhani kura za pale ni mali ya nyumba. Lakini watu walikuwa wameghadhibika kwa msimamo wa chama juu ya Gaza, na badala ya kususia, walijipanga wakamsimamisha mgombea huru. Shockat Adam akamwangusha Jonathan Ashworth, mtu aliyetarajiwa kuwa waziri, kwa kura 979. Yalitokea vivyo hivyo Blackburn, Birmingham Perry Barr, na Dewsbury and Batley. Tafadhali itazameni tofauti: hasira yao waliipeleka kituoni. Lau wangaliibakisha nyumbani, Ashworth angaliingia bungeni akiwa na kura chache, asingejua kwa nini, wala asingejali.

Sisi Pwani tumewahi kuijaribu njia nyingine. Kabla ya uchaguzi wa 2013 wenzetu wa Mombasa Republican Council, kwa kauli yao ya kwamba Pwani si Kenya, walihimiza watu wasishiriki. Dhulma za ardhi walizozitaja zilikuwa za kweli, na nyingi bado ziko. Na Oktoba 2017 upinzani uliususia uchaguzi wa marudio, wakajitokeza chini ya asilimia 40 ya wapiga kura, na Uhuru Kenyatta akapata asilimia 98 ya kura zilizopigwa. Akaapishwa, akatawala muhula wake wote. Debe halina safu ya kuhesabu walionuna.

Chile nao wana kisa ambacho kila kiongozi wa chama angefaa kukisoma. Mwaka 2012 waliiondoa lazima ya kupiga kura. Oktoba 2020 wananchi waliulizwa kama wataka katiba mpya. Ilijitokeza nusu tu ya wapiga kura, na asilimia 78 yao wakasema ndiyo. Wanasiasa walioongoza harakati wakaamini kwamba nchi nzima iko nyuma yao, wakakaa wakaandika rasimu ya kuwaridhisha wale waliokuja. Septemba 2022 rasimu ikapelekwa kwa wananchi, na safari hii kupiga kura kulikuwa lazima. Wakajitokeza zaidi ya asilimia 85, mamilioni ambao hakuna aliyekuwa amewasikia kwa miaka kumi, na asilimia 62 wakaikataa. Waandishi walikuwa wamezungumza na mwangwi wao wenyewe.

Ndilo jawabu langu kwa mzee. Chama chako, kama vyama vingi vya Kenya, huzungumza na wanaokuja mikutanoni. Hupima mapenzi kwa wingi wa fulana na honi za bodaboda. Mchujo wake hufanywa usiku katika hoteli, mgombea wa watu akaachwa na mwenye mfuko akapewa cheti. Kisha asubuhi hutegemea kwamba Mpwani atampigia kura yeyote aliyetiwa rangi ya chama, kwa kuwa hana pengine pa kwenda. Kumbe anapo. Ana baraza, ana kahawa, ana kitanda. Sidhani kwamba Mombasa ya 2022 iliibiwa. Naona ilichoka.

Mwezi uliopita, baada ya darsa ya Magharibi, kijana mmoja alinifuata nje ya msikiti. Baada ya salamu akasema: "Maalim, mamangu amepiga kura tangu mfumo wa vyama vingi urudi. Bado twanunua maji ya mkokoteni. Wataka na mimi nikapange foleni?" Alizungumza kwa adabu, lakini jicho lake lilikuwa na moto. Sikuwa na jawabu jepesi. Mji huu wateka maji yake Mzima, Baricho na Marere, na bomba la Mzima lilijengwa katika miaka ya 1950, zama za mkoloni, mji ukiwa sehemu ndogo tu ya ulivyo leo. Serikali ngapi zimepita juu ya bomba hilo?

Nilimwambia hivi, nami nalirudia hapa kwa kuwa wako wengi kama yeye. Mwanangu, mwanasiasa hupeleka maji anakoogopa. Ana daftari mezani mwake lenye kuonyesha kila wadi ilitoa watu wangapi, maana matokeo ya kila kituo hubandikwa hadharani. Akiiona wadi yako imetoa arubaini kwa mia, hasemi kwamba watu wa hapa wana hasira. Asema watu wa hapa hawanidhuru. Mamako alipiga kura, ndiyo, lakini nyuma yake hawakusimama watu. Akaniuliza: "Na tukisimama, kisha wote wakawa wabaya?" Nikamwambia anayo njia ya karatasi tupu, na anayo njia ya Leicester. Zote mbili huanzia kwenye foleni. Alicheka kidogo. Hakuniahidi kitu, nami sikumlazimisha.

Vijana kama huyu ndio wengi wa nchi, lakini si wengi wa daftari. Mwaka 2022 walio chini ya miaka 35 walikuwa chini ya asilimia 40 ya walioandikishwa, na idadi yao ilikuwa imepungua kuliko 2017, ilhali kila mwaka wengine hutimiza umri. Juni 2024 haohao ndio waliojaa barabarani kuupinga mswada wa fedha, wakauzuia, na baadhi yao wakapoteza roho. Mwenye kuweza kusimama mbele ya risasi hashindwi kusimama kwenye foleni. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba haya mawili yahusiana, na mtu huyo ni mzazi, kabla ya kuwa chama au tume.

Uchaguzi ujao, kwa mujibu wa Katiba, ni Jumanne ya pili ya Agosti 2027, yaani tarehe 10. Nimeitazama kalenda ya Hijria: mwandamo ukienda kama inavyotarajiwa, siku hiyo itaangukia wiki ya kwanza ya Mfungo Sita. Madrasa zitakuwa katika mazoezi ya Maulidi, misikiti itakuwa na majlisi kila usiku, na jamaa wengi watakuwa wanafunga mizigo ya Lamu. Aliyeandikishwa Mombasa au Malindi hawezi kupigia kura Lamu. Kamati za Maulidi zitakapoketi kupanga ratiba na mabasi ya mwaka huo, na zianze kwa kuiacha wazi Jumanne hiyo. Na nyumba yenye kijana aliyepata kipande na hajaandikishwa, Tume ya Uchaguzi ina afisi katika kila eneo bunge. Aende na kipande chake mwenyewe mkononi, kwani atatakiwa kuweka alama za vidole, na hilo halifanywi na wakili.